Asiyejua Maana na Aambiwe: Ruta Iliyofungwa na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Kwa heshima na taadhima, msomaji mpenzi, leo nimekuja kuwapinga. Huenda methali hiyo ilifaa barazani, ambako fumbo lilikuwa kipimo cha akili na aliyeshindwa kulifumbua alirudi kwao kulitafakari. Haifai katika zama hizi ambapo fumbo limewekwa sebuleni mwa mtu, linamumulikia taa usiku kucha, analilipia kila mwezi, na akiuliza maana yake anajibiwa kuwa hayamhusu. Fumbo ninalolizungumzia ni ruta: kile kisanduku kinachopokea mtandao kwa waya kutoka nje na kuusambaza humo ndani kwa waifai.

Kisa kilichonisukuma kuishika kalamu kilitokea nyumbani kwa dada yangu, katika likizo ya Desemba. Dada ana watoto wawili, wa miaka 8 na 11. Alikuwa amedokezewa na mzazi mwenziwe kuwa ipo njia ya kuzuia tovuti chafu zisifunguke nyumbani kwa kubadilisha tarakimu fulani ndani ya ruta, bila kununua programu yoyote. Akaniita, maadamu katika ukoo wetu aliyefika chuo kikuu hudhaniwa kuwa anajua kila jambo, hata kama alisomea ushairi. Tuliketi mbele ya kipakatalishi chake, tukaandika 192.168.1.1 pale juu ambapo anwani za tovuti huandikwa, tukaingiza jina na nywila zilizobandikwa chini ya ruta, na mlango ukafunguka. Tuliona kuwa tunaweza kubadilisha jina la waifai na nywila yake. Lakini tulipofika penye mstari wa DNS, tuliukuta umepauka, una rangi ya kijivu. Tarakimu zinaonekana, kuguswa hazikubali.

Dada alipiga simu kwa kampuni inayomuuzia mtandao. Kijana aliyeipokea alikuwa na adabu ya kupigiwa mfano.

"Mama, hapo pamefungwa kutoka huku kwetu. Ni sera ya kampuni."

"Sawa, mwanangu. Je, kuna njia nyingine ya kulifanya jambo lenyewe?"

"Hapana, mama. Hakuna."

Dada alishukuru, akakata simu, akakifunga kipakatalishi. Makala haya yote yanatokana na neno hilo moja: hakuna. Neno hilo halikuwa la kweli. Sidhani kijana yule alikusudia kudanganya. Yamkini naye hakuwa ameelezwa. Lakini lililonikera zaidi ni kwamba mimi, msomi wa lugha niliyeketi pale nikitikisa kichwa, sikuwa na swali hata moja la kumsaili. Nilijua kwamba DNS ni herufi tatu za Kiingereza. Maana yake sikuijua, na kwa hivyo nilinyamaza kama mtu asiye na haki ya kuuliza.

Hebu basi nieleze nilichojifunza baadaye, kwa lugha ambayo ningependa kuwa nayo jioni ile.

Mashine zilizounganishwa na mtandao hazijuani kwa majina. Hujuana kwa tarakimu. Sisi binadamu nasi hatuwezi kukariri tarakimu za kila tovuti, kwa hivyo tumezipa majina. Lazima basi pawe na daftari linaloonyesha jina gani lina tarakimu zipi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 daftari hilo lilikuwa faili moja tu, iliyotunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko California na kikundi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Kila aliyetaka kulitumia alilinakili kutoka huko. Mashine zilipoongezeka, daftari la mtunzaji mmoja likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina ya vikoa, ambao ndio huo DNS. Ubunifu wake ulikuwa kuligawa daftari miongoni mwa watunzaji wengi, kila mmoja akishika sehemu yake na kujua wa kuelekeza kwake.

Majina hayo husakwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Chukua jina la tovuti ya chuo kikuu hapa Kenya. Aghalabu huishia kwa ac.ke. Anayetafuta tarakimu zake huanza kwa watunzaji wa shina la mfumo na kuuliza: ni nani aliye na habari za ke? Huelekezwa kwa seva za ke, zinazosimamiwa na KENIC. Huko huulizia ac, kisha jina la chuo chenyewe, hadi apate tarakimu kamili. Kazi hii ya kuulizauliza haifanywi na simu yako. Hufanywa kwa niaba yake na seva nitakayoiita karani wa majina. Simu humuuliza karani, karani huzunguka kote huko, na hurudi na jibu kabla hujakupua jicho.

Je, karani huyo huteuliwa na nani? Simu inapojiunga na waifai ya nyumbani, ruta huipa anwani yake na, pamoja na hiyo, humtajia karani wa kumuuliza. Kwa kawaida karani huyo ni wa kampuni inayouza mtandao. Ule mstari wa kijivu ndipo mahali anapoandikwa. Lakini zingatia jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha yote: ruta hupendekeza tu. Simu, tarakilishi au runinga ikiagizwa na mwenyewe kumuuliza karani mwingine, huyo ndiye itakayemuuliza. Kufuli limo katika ruta. Halimo katika simu.

Huenda msomaji akauliza, ya nini kujali karani ni nani, mradi majibu yanafika? Sababu ni mbili. Kwanza, karani anajua kila jina linaloulizwa nyumbani mwako: hospitali uliyoitafuta usiku wa manane, kanisa au msikiti, mkopo, kazi unayoiomba kabla hujaiacha hii uliyo nayo. Tena kwa utaratibu wa kale swali hilo husafirishwa wazi, bila kufichwa, hivi kwamba hata aliye njiani aweza kulisoma. Pili, karani aweza kutoa jibu lisilo la kweli, nawe ukapelekwa kusiko au ukaambiwa kuwa mahali unapopatafuta hapapo.

Sisemi haya kwa kubuni. Machi 2014 serikali ya Uturuki iliufunga mtandao wa Twitter, na mwanzoni ilifanya hivyo kwa kutumia makarani wa kampuni za mtandao za nchini humo. Wananchi wakaandika kwenye kuta za Istanbul tarakimu 8.8.8.8, anwani ya karani wa Google, ili kila apitaye ajue wa kumuuliza. Kabla ya mwezi huo kwisha, hata maswali yaliyotumwa kwa anwani hiyo yalikuwa yakinaswa ndani ya nchi na kujibiwa na wengine. Tarakimu nne zilizogeuka maandishi ya ukutani: huo ni ushahidi tosha kwamba jambo hili si la mafundi pekee.

Upande wa pili wa shilingi nao upo, na haki yataka nao utazamwe. Novemba 2011 maafisa wa Marekani na Estonia walilinasa genge lililosambaza programu haramu iitwayo DNSChanger. Kazi yake ilikuwa kumwondoa karani halali na kumweka karani wa genge, na iliziingia tarakilishi zaidi ya milioni 4 duniani. Ilijaribu hata kuzivamia ruta za nyumbani ambazo wenyewe hawakuwa wamebadilisha nywila za kiwandani. Walioathirika waliandika majina sahihi wakapelekwa kwingine, na genge likavuna pesa za matangazo. Seva halali zilizowekwa kwa muda kwa amri ya mahakama ili watu hao wasipoteze mtandao zilizimwa tarehe 9 Julai 2012.

Kwa hivyo siwezi kudai kuwa kampuni inayofunga mstari wa DNS ina nia mbaya. Kufuli huzuia programu haramu kumbadilisha karani kwa siri. Humpunguzia fundi simu za wateja waliovuruga mipangilio yao wenyewe. Fauka ya hayo, karani wa kampuni mara nyingine hukuelekeza kwenye hifadhi ya karibu ya video na picha, ukahudumiwa upesi kuliko ambavyo ungehudumiwa na karani wa mbali. Hizi ni sababu za maana. Ninalolipinga si kufuli. Ninapinga kufuli lisilo na maelezo, na neno "hakuna" lililotundikwa juu yake.

Maana njia zilikuwapo, na zilikuwa halali. Hatukuhitaji kuvunja nywila ya mtu wala kukichokora kifaa cha kampuni. Juma lililofuata tulianza na kipakatalishi. Katika mipangilio yake ya mtandao tuliondoa agizo la kumpokea karani kutoka kwa ruta, tukaandika wenyewe 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Hao ni makarani waliowekwa na kampuni ya Cloudflare mwaka 2020 kwa ajili ya familia. Hukataa kutoa tarakimu za tovuti za uasherati na zile zinazojulikana kuwa na programu haramu. Kisha tukagutuka kwamba mtandao wa leo una anwani za aina mbili, zile fupi za kale na zile ndefu za IPv6, na kwamba ukibadilisha karani wa aina moja tu, kifaa chaweza kumwendea yule wa zamani kupitia aina ya pili. Tukazibadilisha zote mbili.

Tukaenda kwenye simu. Simu za Android kuanzia toleo la 9, lililotoka mwaka 2018, zina mahali pa kuandika karani wa faragha, na hapo haandikwi kwa tarakimu bali kwa jina, tuliandika family.cloudflare-dns.com. Njia hii ina manufaa mawili. Swali husafiri likiwa limefichwa, hivyo aliye njiani hawezi kulisoma wala kulijibu kwa niaba ya karani. Pia agizo hilo hubaki na simu hata inapotoka nyumbani na kutumia bando. Mwisho tukaifikia runinga, nayo ilikuwa na nafasi ya kumwandika karani kwa mkono.

Ipo pia njia ya tatu kwa mwenye vifaa vingi: kununua ruta yake mwenyewe, kuiunganisha kwa waya nyuma ya ile ya kampuni, kuzima waifai ya ile ya kwanza, na kumwandika karani katika ile ya pili. Hapo kila kifaa cha nyumbani kitapata pendekezo la mwenye nyumba. Kuna wanaoona shida ndogondogo, hasa wachezaji wa michezo ya mtandaoni, kwa sababu ya kupitia ruta mbili, lakini kwa matumizi ya kawaida hufanya kazi.

Nisije nikajenga ngome ya karatasi, niseme pia mipaka ya jambo lenyewe. Karani mpya hazuii picha chafu iliyotumwa na rafiki katika kikundi cha soga. Mtoto mwerevu aweza kuyarudisha mipangilio kama yalivyokuwa. Kampuni ya mtandao, hata isipoona swali lako, bado huona tarakimu unazozitembelea. Na tukumbuke kwamba kumkimbia karani wa Nairobi na kumwendea karani wa Marekani si kuacha kumwamini mtu. Ni kubadilisha unayemwamini. Hilo ni jambo la kuamuliwa na mtu mzima aliyeelezwa. Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia wenzangu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Katika maelezo yote niliyoyatoa hapo juu, ni maneno gani yaliyobeba mzigo? Daftari. Karani. Shina. Kufuli. Hakuna hata moja lililobuniwa jana. Istilahi rasmi nazo tunazo: kikoa, seva, nywila, na hiyo ruta ambayo wengine huiita kipanga njia. Tumekuwa na bidii ya kubuni majina. Tumejadili kwa miaka iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Iwapo ni mdahalishi, wavuti au intaneti. Mjadala huo una nafasi yake, nami sitaki kuubeza. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili, na kazi hiyo isingewezekana bila watu walioketi kuchagua neno kwa neno. Lakini neno kwenye menyu halimwelezi mtu jambo. Waweza kumwandikia dada yangu "seva ya mfumo wa majina ya vikoa" kwa Kiswahili sanifu kabisa, na bado asijue kuwa simu yake ina uhuru ambao ruta haina.

Tumekuwa mafundi wa nomino na kuyasahau maelezo. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu minne ya shahada ya kwanza, niliandika insha juu ya ubunaji wa istilahi, nikataja mbinu za utohoaji, uambishaji na ufupishaji, nikapata alama nzuri. Sikuwahi kutakiwa kueleza kwa Kiswahili jinsi kitu chochote kinavyofanya kazi, kisha nionyeshe kwamba aliyenisikiliza amekielewa.

Kuna watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wahandisi, na kwamba anayetaka kujua mambo haya na asome Kiingereza. Nawajibu hivi: dada yangu anasoma Kiingereza vizuri. Kijana wa kampuni alikichanganya Kiingereza ndani ya kila sentensi isipokuwa hizo chache nilizozinukuu. Kiingereza hakikumpa maana yeyote kati yetu watatu. Kilichokosekana hakikuwa msamiati wa kigeni. Kilikosekana kielelezo ambacho mtu aweza kukifikiria akiwa jikoni, kwa lugha anayofikiria nayo. Kukiunda kielelezo hicho ni kazi ya mtu wa lugha kama ilivyo kazi ya mhandisi.

Isitoshe, sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, ikiwamo ya mawasiliano. Vikisomwa pamoja, vifungu hivi vinauliza swali ambalo wanakiswahili ndio tunaofaa kulivalia njuga: iwapo kampuni imeniwekea kufuli nyumbani mwangu, je, si haki nielezwe, kwa lugha rasmi ninayoielewa, limefunga nini, kwa nini, na ni wapi halikufunga? Wenzetu Wajerumani wamefika mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Agosti 2016 sheria yao inampa mteja uhuru wa kutumia ruta aitakayo badala ya kulazimishwa ile ya kampuni. Sisi hatujaomba makubwa kiasi hicho. Tunaomba sentensi tatu za Kiswahili kwenye ukurasa wenye mstari wa kijivu.

Napendekeza mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mosi, chama hiki kiwe na utaratibu wa kila muhula ambapo wanachama hushirikiana na wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi kuandika maelezo ya ukurasa mmoja juu ya kitu kimoja cha nyumbani: ruta, mkopo wa simu, mita ya umeme. Kipimo cha maelezo hayo kisiwe uzuri wa istilahi. Apewe mtu asiyelijua jambo hilo, ayasome, kisha alitende. Akishindwa, mwandishi ndiye aliyeanguka. Pili, wahadhiri wetu wa tafsiri na istilahi wakubali kazi kama hiyo isahihishwe na kupewa alama pamoja na zile za nadharia. Nawahakikishia kuwa si kazi rahisi. Nilipomweleza dada mara ya kwanza nilisema "mfumo wa majina ya vikoa hutafsiri majina kuwa anwani za tarakimu." Alinitazama kwa huruma. Mara ya nne ndipo nilipompata karani.

Tangu hapo karani huyo amesafiri. Juzi nilimkuta dada akizungumza na jirani yake mlangoni, jirani ambaye ruta yake ni ya kampuni ile ile na ambaye naye aliambiwa hakuna. Sikumsikia akitaja DNS. Alisema, "Kisanduku wamekifunga, mwache alivyo. Simu ni yako. Wewe ndiwe unayeiambia imuulize karani gani." Jirani akaitoa simu mfukoni.

Basi turudi kwa wahenga, tuwaombe radhi, na tuirekebishe kauli yao kwa matumizi ya nyumba zetu za leo. Asiyejua maana na aambiwe maana. Na wa kumwambia ni sisi.